Mwaka Tulipoitafuta Pumuzi

Kijana mmoja alinichekesha kwenye kilio cha Tonton Ziha, mzee ambaye sote tulimwita mjomba. Tulikuwa uani, chini ya turubai la bluu, watu wamemaliza kula wali na maharagwe, akina maman wanaosha sahani na kusengenya taratibu, na huyu kijana, mtoto wa dada ya marehemu, akavuta kiti akakaa karibu yangu. Aliniambia anafanya muziki, ule wa polepole usio na ngoma wala maneno, wa kusikiliza mtu akiwa amelala chali. Akatoa telefoni. Mashine zote za zamani zimo humo ndani, alisema, zile za vifundo na waya ambazo wazungu walizitengeneza kabla yeye hajazaliwa. "Ona, maman Faida. Hii njo ile mashine tonton alikuwaka nayo. Unafinya hapa tu." Akafinya. Ikatoka sauti nene, ya chini, ikatanda kidogo halafu ikafifia. "Ata makelele ya kanda ya kuzeeka iko na buton yake," akasema, akafinya tena, ikaanza kukwaruza kama kaseti iliyolala juani. Nilicheka mpaka wafiwa wakanigeukia. Jamani, kitu cha kufinya! Sisi kilituchukua karibu mwaka mzima, vita ikiwa mlangoni, na nasema bila haya yoyote kwamba yetu ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwenye telefoni yake. Nilimwambia hivyo hivyo. Akataka nimweleze, na kwa kuwa siku ya kilio watu hawana haraka, nilimweleza.

Mwaka wenyewe ni ule wa vita ya pili, barabara ya Kamituga ilipofungwa. Nilikuwa msichana wa cherehani. Nilijifunza kushona kwenye foyer ya parokia, nyumba ya mafunzo ya wasichana, juu kidogo ya soko la Kadutu hapa Bukavu, na kwa sababu cherehani nyingi zilikuwa zimebebwa na waporaji, ikabaki moja ya kuzungusha kwa mkono, asubuhi nilishona na mchana niliwapikia watu wa redio. Redio ilikuwa vyumba viwili nyuma ya jiko. Kimoja kilikuwa cha kusemea, kuta zake zimebandikwa vipande vya godoro. Kingine kilikuwa cha Tonton Ziha, fundi, na humo waya zilikuwa nyingi kiasi kwamba sikuwahi kuijua rangi ya sakafu yake. Kati ya jiko na redio palikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo nilisonga ugali huku nasikia kila kitu. Nilijua Padri Anselme, mkubwa wa redio, anaogopa nini. Nilijua Tonton anamsema padri vibaya akitoka, na padri anamsema Tonton vibaya akilala. Walipendana sana, wale wazee wawili, ila kila mmoja alidhani mwenzake hajui.

Kabla ya vita redio yetu ilikuwa na sauti yake. Tonton aliipika mwenyewe kwa mashine aliyoachiwa na frère mmoja mzungu, bruda wa misheni, kinanda cha umeme kisichokumbuka chochote. Unazungusha vifundo, unapata sauti, ukizima imeshapotea. Ndiyo maana aliinasa kwenye kanda kubwa la kuzunguka. Kila alasiri, kabla ya komunike, yaani matangazo ya vifo, ya waliopotea na ya waliofika salama, sauti ile ilitangulia peke yake, muda mrefu, bila mtu kusema. Ilianza kwa nguvu, ikashuka, ikaisha polepole, halafu ikaanza tena. Watu waliiita Pumuzi. Ukisikia Pumuzi nyumba ya jirani, hata kama ulikuwa unagombana na mume wako, unanyamaza, unangoja majina. Mtangazaji akianza kutaja bila Pumuzi, watu walisema, aa, hiyo ni ya kujaribu mashine, si habari ya kweli.

Halafu vita ikaja, wakabeba kinanda. Wakang'oa na mota ya ile mashine ya kanda, sijui walitaka kuendesha nini nayo, wakaacha mwili wake umekaa pale kama gari lisilo na injini. Makanda waliyamwaga nje kwenye matope. Tuliporuhusiwa kusema tena, wakubwa wapya wa mji walitupa mahali pengine kwenye mawimbi, pale petu wakapachukua wao na nyimbo zao za kupiga miguu. Padri Anselme alishukuru kwa adabu. Tonton alitema mate, kisha akaunda mtambo mdogo wa mawimbi mafupi kutoka vyuma alivyovijua mwenyewe, tukaanza kusoma majina. Tukasoma wiki, tukasoma mwezi. Hakuna aliyejibu. Wafanyabiashara waliotoka upande wa Mwenga kwa miguu, wakipita njia za porini, walifika parokiani wakatuuliza, "Redio yenu itafunguka siku gani?" Mbele ya macho yetu! Tonton aliwajibu kwamba imefunguka zamani. Wakamtazama kama mtu anayedanganya.

Mtu ambaye hajakaa porini na redio ya betri atashangaa. Redio za watu wetu hazikuwa na namba tena. Kioo kimevunjika, mshale umekwama, kimebaki kifundo cha kuzungusha. Betri zimeanikwa juani mara nyingi mpaka zimetoa jasho, kwa hiyo unawasha kidogo tu, unazungusha, unapita Kifaransa, mahubiri, milio, lugha za watu wa mbali, na usipokutana na unachokijua haraka unazima ili kesho uwe na kitu. Hakuna aliyetutafuta kwa namba. Walitutafuta kwa Pumuzi, na Pumuzi haikuwapo.

Mimi nilikuwa na mtu wangu huko. Dada yangu mkubwa, Nabintu, tuliyekuwa tunalala naye chumba kimoja, alikwenda Kamituga na mzigo wa vikwembe, yaani vitenge, vya kuwauzia wake za wachimbaji. Alibeba karedio kake, kale kekundu kalikofungwa kwa mpira. Barabara ikafungwa nyuma yake. Tukasikia kwamba Kamituga watu wamekimbilia msituni, tukasikia wengine hawakuwahi kukimbia. Halafu kule nako, kama nilivyokuja kujua, walisikia kwamba mtaa wetu wa Kadutu umeungua wote na sisi ndani yake. Kila siku jina lake lilisomwa: Nabintu, mdogo wako Faida yuko hai, anakaa parokiani, anakungojea. Nilikuwa nasikia kupitia ukuta, mkono uko kwenye mwiko, nikijua kwamba maneno yale yanatoka, yanapita juu ya milima, na hayamfikii mtu. Iliniuma, nisiseme uongo. Kuna siku nilivunja sahani makusudi.

Tonton akaanza kuitengeneza upya. Kwaya ilikuwa na kinanda kidogo cha Kijapani ambacho baba mmoja wa parokia alikificha darini wakati wa uporaji. Kilikuwa cha kuchezea watoto, kwa kweli, lakini kilikuwa na akili moja: ukikisemesha kwenye tundu lake kinameza sauti yako, punje tu ya sauti, halafu unaipiga kwa vidole, juu ao chini unavyotaka. Tulipewa Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili kilirudi kwa Mungu. Tukakimezesha kila kitu. Tonton alipuliza chupa za bia, ikatoka meli. Akapiga kengele ya misa, akaishusha chini kabisa kwenye kinanda, ikatoka kitu cha kuogofya, padri akaja mbio kuuliza nani amekufa. Akaniita mimi nivume mdomo umefungwa, "mmm", akaishusha nayo, ikawa ng'ombe. Ng'ombe mzima! Padri Anselme alicheka akakaa chini. Tonton hakucheka. Na umeme wa Bukavu ulivyo, ukikatika kinanda kinasahau yote, unaanza tena toka mwanzo.

Mtu atauliza, hakuna mtu hata mmoja mjini aliyeinasa Pumuzi kwenye kaseti? Walikuwapo, wengi. Tuliomba kanisani, wakatuletea kaseti ndani ya mifuko na soksi. Lakini watu walinasa siku ambayo mtu wao alitajwa, na walifinya buton ya kunasa walipomsikia mtangazaji anaanza. Kila kaseti ilikuwa na sauti ya mtu inataja maiti, Pumuzi iko chini yake inaishia. Tulizisikiliza zote. Tonton alizirudisha kwa wenyewe moja moja, kwa mikono miwili, hakutaka hata kuzinakili.

Sasa, Maman Cibalonza wa Nyantende alikuwa anatuletea maharagwe. Alikuwa mkulima mwenye sauti ya sokoni, akikaa jikoni kwangu hachoki kusema. Siku moja tunachambua maharagwe ananiambia, "Mwaka huu ndege hawakunisumbua, mutoto wangu. Nilifunga ile mikanda ya redio yenu mu mtama. Upepo ukipita inalia vuuu, inametameta, ndege zinakimbia mpaka Kabare." Upande wa pili wa ukuta kitu kikaanguka. Tonton akatokea mlangoni na kiatu kimoja.

"Maman, unasema mikanda gani?"

"Ile mlitupa."

"Siye tulitupa? Maman, ile haikutupwa!"

"Ilikuwa mu matope. Kintu ya mu matope iko ya nani?"

Tulikwenda Nyantende kesho yake. Shamba lake lote lilikuwa limefungwa kazi yetu. Kutoka kijiti hadi kijiti, kanda la kahawia limenyooshwa, linang'aa juani, linatetemeka. Tonton alisimama kwenye tuta akalia waziwazi, mtu mzima. Maman Cibalonza yeye hakulia. Alisema mtama bado haujavunwa na kanda halitoki shambani mpaka ndege wapate kingine cha kuwatisha. Alikuwa na haki yake. Nilirudi na mfuko wa vitambaa vya foyer, nikamshonea bendera ndogondogo za rangi, shamba zima, na wakati nashona Tonton anafungua kanda kwenye vijiti na kuliviringa kwenye basani ya kufulia.

Basani zikajaa. Jua na mvua vilikuwa vimelikunjakunja, tukalifuta kwa pamba na spirit ya dispensari, vipande tukaviunga kwa skochi, ule utepe wa gundi. Shida ikawa mashine: bila mota, kanda haliendi. Tonton akasema atalivuta kwa mkono juu ya kile kichuma kinachosoma. Alivuta, ikatoka sauti ya mlevi anayepanda mlima wa Kadutu. Akavuta tena, mlevi akashuka. Nilikuwa nimeleta chai. Nilimtazama anavyovuta, mabega juu, pumzi ameikaza, nikashindwa kunyamaza.

"Tonton, toka hapo."

"Weye unajua nini ya kanda?"

"Ya kanda sijui kintu. Minajua kuvuta kitambaa."

Mtu aliyejifunza kwenye cherehani ya mkono anajua ninachosema. Mkono mmoja unazungusha, mwingine unaongoza kitambaa, na kitambaa kikienda mbio ao kikisita, mshono unakuumbua mbele za watu. Unavuta bila kufikiri, macho yako kwenye ukuta. Nikaweka chai chini, nikavuta. Ikatoka sauti ya mtu anatangaza mpira, safi, kama amekaa nasi. Tonton akanitazama. Akanisogezea basani nyingine. Kuanzia siku hiyo ugali ulichelewa kila mchana na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Nilivuta basani baada ya basani. Kulikuwa na mahubiri ya kwaresima, kulikuwa na mwanamke anawasalimu wakwe zake wa Lwiro kwa majina yao yote, kulikuwa na somo la namna ya kupanda kabichi. Nilianza kukata tamaa. Halafu alasiri moja, kwenye kipande kisichozidi urefu wa kikwembe, vidole vyangu viliijua kabla ya masikio. Ile sauti nene. Sikusimama, niliendelea kuvuta mpaka mwisho, kwa utulivu wa kushona vazi la ibada, ndipo nikapiga ukelele. Tukakimezesha kinanda. Tonton akaipiga chini kidogo, akaipitisha kwenye kile kisanduku cha mwangwi cha mpiga gitaa wa kwaya, ili kila mvumo usishike mwisho wake ila uingie kwenye mwingine. Bado ilikuwa kavu. Akashusha spika ndani ya citerne ya maji ya parokia iliyokuwa tupu, akashusha na mikrofoni kwa kamba, tukaipiga humo, sauti ikazunguka kwenye simenti na kurudi imenenepa. Tukainasa kwenye kaseti haraka kabla umeme haujakatika. Padri Anselme alifunga macho. "Njo yenyewe," akasema.

Tukaitoa hewani. Tukangoja. Wafanyabiashara walioshuka kutoka Mwenga wakaja na swali lile lile, redio yenu itafunguka siku gani. Wengine walisema wamesikia kitu kinachofanana, wakapita. Tonton akaacha kula. Padri akaanza kusema labda tumwachie Mungu, na Tonton akamjibu, kupitia ukuta nilisikia wazi, kwamba Mungu hana redio ya betri.

Mimi niliijua kasoro nikiwa nasonga ugali. Tangu tuipate nilikuwa naisikiliza ndani, karibu na mashine, pua iko juu yake. Siku hiyo niliisikia pale nilipoizoea miaka yote, nyuma ya mbao, mvuke usoni. Na mkono wangu wenyewe ukasita kwenye sufuria. Pumuzi ilikuwa inaanza kwa nguvu inaisha polepole. Hii ilianza polepole, ikapanda, ikakatika. Niliingia na mwiko wangu unadondosha ugali sakafuni.

"Tonton, hii inakuya. Ile ilikuwaka inaenda!"

"Nani inakuya?"

"Pumuzi! Hii inavuta hewa, haitoi! Tuliisoma kwa mkia!"

Alinitukana kidogo, kwa Kimashi, kwa sababu alijua palepale kwamba nina haki. Kanda lililofungwa kwenye mtama halina kichwa wala mkia. Maman Cibalonza alikata popote, Tonton aliviringa vyovyote, na mimi nilivuta kutoka ncha iliyokuwa karibu. Kwa mahubiri ungejua mara moja, mtu anasema kinyumenyume. Kwa sauti isiyo na neno, nani angejua? Tuliketi tena, tukakamata ncha nyingine, nikavuta. Tonton alisikiliza hadi mwisho, kisha akaweka mkono kichwani pangu kama anabariki, mkono wenyewe umejaa gundi ya skochi.

Tukaimezesha kinanda upya, tukaitoa hewani, na kumjaribu mtu, tulimjaribu Maman Cibalonza. Tulimpelekea redio isiyo na namba, hatukumwambia kitu, padri akakaa naye anakula viazi. Alizungusha kifundo analalamikia mvua, akapita hapa, akapita pale, halafu mkono ukasimama wenyewe na mdomo pia, jambo ambalo padri alisema hajawahi kuliona. "Mumerudi," akasema maman. Tulicheka wiki nzima.

Na wakaanza kujibu. Mtu mmoja alifika na ujumbe wa mdomo kutoka msituni, kisha wanawake watatu, kisha kila siku watu uani: fulani amesikia, yuko hai, mwambieni mama yake. Msomaji wetu wa Kiswahili alikimbilia ng'ambo ya ziwa, na padri, bila kuuliza mtu, akanipa mimi makaratasi. Nilisoma vizuri, sijui kwa nini nijifiche. Nilisoma ya Nabintu kila siku, na kila siku waliokuja uani niliwauliza, na hakuna aliyemwona. Walipata majibu mama za watu, waume za watu, hadi adui yangu mmoja wa sokoni alimpata kaka yake, nikamkumbatia huku moyo unaniwaka wivu. Nilimwambia Tonton kwamba mimi ndiye niliyevuta lile kanda na mimi peke yangu sijajibiwa. Hakunipa maneno ya kanisa. Alisema, "Vuta tu, mutoto. Usisite."

Tonton alikuwa na amri moja: taa nyekundu ikiwaka, yaani tuko hewani, mlango haufunguki, na jina la mtu halirukwi. Kule porini kuna mtu anachoma betri yake ya mwisho kwa jina moja, alisema, na weye hujui ni lipi. Alasiri hiyo nilikuwa katikati ya makaratasi. Niliinua macho kuvuta hewa, na kwenye dirisha la kioo lililotenga chumba changu na chake, nyuma ya bega la Tonton, kulikuwa na mwanamke amesimama. Amekonda, nywele zimejaa vumbi, miguu imevimba, ameshika karedio kekundu kifuani. Nabintu. Tonton aligeuka akamwona, akanitazama, mkono wake uko kwenye kifundo. Sikuhitaji kuuliza. Taa ilikuwa inawaka na karatasi zilikuwa bado nyingi. Nikainamisha macho, nikasoma. Nilisoma ya mzee wa Walungu anayemtafuta mke, ya watoto waliookotwa, ya marehemu na wanaowaacha. Machozi yalidondoka kwenye karatasi na sauti yangu haikutikisika, na hilo ni jambo ninalojivunia kuliko chochote nilichokifanya maishani mwangu. Ya mwisho ilikuwa ile yangu mwenyewe. Nikaisoma nayo, kama ilivyoandikwa, nikimtazama machoni kupitia kioo: Nabintu, mdogo wako Faida yuko hai, anakaa parokiani, anakungojea. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno.

Taa ilipozimika sikukumbuka mlango uko wapi. Tulishikana hapo kwenye waya za Tonton, sisi wawili tunalia, padri analia, dada yangu ananuka moshi wa msituni, mifupa yake naihesabu kwa mikono. Alisema alikuwa ameamini sisi wote tumeungua, akazungusha tu kifundo kwa mazoea, akaisikia Pumuzi inaenda, na kesho yake akaanza kutembea. Halafu akanisukuma kidogo, akajipangusa uso na kikwembe, akanikunjia uso wa dada mkubwa.

"Faida, unasomaka mbio sana. Kule pori betri inalialia, watu hawashiki majina. Kuna maman mumoja tulikuwa naye, alisikia Mapendo, hakusikia ni Mapendo wa nani. Iko analia mpaka sasa."

Nikamtafuta Mapendo kwenye makaratasi ya siku zilizopita, nikampata, alikuwa miongoni mwa waliofika salama. Kesho yake nilianza na yeye. Nikamsoma mara mbili, yeye na baba yake na kijiji chake, polepole.